Reitz ni Nani? Maluteni Wawili Waliotawala Mombasa

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Katika makala haya ninakusudia kuwaeleza habari za maofisa wa jeshi la majini la Uingereza waliogeuka kuwa watawala wa Mombasa kuanzia mwaka wa 1824. Pengine mtauliza, sisi watu wa Kitengela, tuliozoea vumbi na upepo wa mbuga, tuna haja gani na mabaharia wa miaka 200 iliyopita? Subirini kidogo. Hata mimi niliuliza vivyo hivyo.

Mambo yalianza muhula wa kwanza. Mwalimu mlezi wa chama chetu alitupa kazi: kila mmoja achague jina la mahali hapa nchini, atafute asili yake, kisha aandike somo. Wenzangu walikimbilia majina ya nyumbani. Mmoja akanyakua Isinya, mwingine Namanga, mwingine Kajiado yenyewe. Mimi nilichelewa kufika mkutanoni, nikakuta yote mazuri yamekwisha. Hapo nikakumbuka safari yetu ya shule tulipopanda gari la moshi Athi River hadi Mombasa. Kule nje ya stesheni ya Miritini niliona matatu zimeandikwa "Port Reitz". Nilimwuliza utingo, "Reitz ni nani?" Akacheka. "Wewe ingia, nauli ni ileile!" Basi nikamwambia mwalimu, "Mimi nitaandika juu ya Reitz."

Mombasa kabla ya maluteni

Ili kumwelewa Reitz, yafaa kwanza tuelewe mji aliofikia. Wareno walijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka wa 1593. Mwaka wa 1698 ngome hiyo ilitekwa na Waarabu wa Omani. Ingawa Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka wa 1728, walifukuzwa tena mwaka uliofuata. Baada ya hapo Omani ilituma maliwali wa kutawala Mombasa kwa niaba yake, na baadhi yao walikuwa wa ukoo wa Mazrui.

Katika miaka ya 1740 ukoo wa Busaidi ulishika hatamu kule Omani. Wamazrui walikataa kuutambua, wakawa wanatawala Mombasa kama wenyewe. Liwali aliyetumwa akageuka mwenye mji! Himaya yao ilienea hata Pemba, kisiwa kilichoilisha Mombasa kwa mchele na nafaka.

Lakini baadaye mambo yaliwaendea mrama. Yapata mwaka wa 1812 walishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Kisha Seyyid Said, mtawala wa Omani, akaanza kuwanyang'anya sehemu moja baada ya nyingine. Pemba ikawaponyoka mapema katika miaka ya 1820. Huo ndio wakati wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, ambaye tungo zake nyingi zilizaliwa na misukosuko hiyo. Ukimsoma Muyaka darasani bila kujua vita hivi, ni kama kusikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukutani. Sauti unazisikia, lakini kisa hukijui.

Mfa maji haishi kutapatapa. Desemba 1823 manowari ya Kiingereza, Barracouta, ilitia nanga Mombasa. Wamazrui walimwomba nahodha wake, Vidal, awape ulinzi wa Uingereza. Vidal hakuwakubalia. Hata hivyo, wao walishona bendera ya Uingereza wenyewe, wakaipandisha juu ya ngome.

Kapteni Owen anatia sahihi

Mkubwa wa Vidal alikuwa Kapteni William Fitzwilliam Owen, aliyezaliwa mwaka wa 1774. Kazi aliyotumwa Afrika haikuwa kutawala mtu. Alitumwa kupima bahari: vina vya maji, miamba, milango ya bandari, ili ramani za pwani zichorwe. Kazi hiyo iliwaua mabaharia wake wengi kwa homa.

Owen alichukia biashara ya utumwa kwa moyo wake wote. Alipofika Mombasa Februari 1824 katika manowari yake, Leven, na kuiona ile bendera, alifikiri amepata njia ya kuikomesha biashara hiyo. Alifanya mkataba na mkuu wa Wamazrui, Sulaiman bin Ali. Mambo makuu yaliyokubaliwa ni haya:

1. Uingereza itairudishia Mombasa sehemu zake zilizopotea, Pemba ikiwamo.
2. Utawala utabaki katika ukoo wa Mazrui.
3. Mjumbe wa Uingereza atakaa Mombasa.
4. Mapato ya forodha yatagawanywa nusu kwa nusu.
5. Biashara ya watumwa itapigwa marufuku Mombasa.

Mkataba mzuri, si ndiyo? Lakini msomaji, itazame tena ile sahihi. Owen alitia sahihi kwa jina la Uingereza ilhali serikali yake haikuwa imemtuma kufanya hivyo. Alitumaini kwamba London itakubali baadaye. Huyu alikuwa mpimaji wa bahari, naye sasa alikuwa akigawa visiwa. Lishikeni jambo hili, kwani ndilo kiini cha somo letu.

Luteni Reitz

Owen hakuweza kukaa Mombasa. Bahari bado ilimngoja. Akamwacha mmoja wa maofisa wake, Luteni John James Reitz, awe mtawala kwa niaba ya Uingereza. Aliachiwa watu wachache wa kuhesabika kwa vidole, miongoni mwao ofisa kijana aliyeitwa George Phillips.

Reitz hakukaa kitako. Kabla miezi minne haijatimia, alifunga safari kwenda kusini kuelekea Pangani ili kuiona mipaka ya nchi aliyokabidhiwa. Masika yalikuwa yamepamba moto. Homa ikamshika njiani, naye akafa mwishoni mwa Mei 1824. Phillips akashika nafasi yake kwa muda.

Ndiyo hayo tu, jamani. Nilipofika hapa katika utafiti wangu nilivunjika moyo. Nilitaka kuandika maisha ya shujaa, kumbe mtu mwenyewe alitawala kwa muda usiozidi muhula mmoja na likizo yake! Ila jina lake limedumu. Mkono wa bahari ulio magharibi ya kisiwa cha Mombasa ungali unaitwa Port Reitz, na mtaa na hospitali iliyo karibu nao pia.

Luteni Emery

Aliyemfuata hana mtaa unaojulikana hivyo, lakini yeye ndiye aliyebeba mzigo. Huyu alikuwa Luteni James Emery. Alishika usukani mwaka huohuo wa 1824, akakaa karibu miaka miwili, hadi Julai 1826.

Hebu tufikirie hali yake. Ofisa wa manowari ameamka na kulala ndani ya amri. Melini kila mtu anajua mkubwa wake ni nani. Kapteni akisema tanga lishushwe, linashushwa, hakuna anayesema, "Ngoja kwanza tuitishe baraza." Mombasa haikuwa meli. Ilikuwa na wazee wake, mashekhe wake, Thenashara Taifa zake, wafanyabiashara wake, na jirani zake Wamijikenda walioleta pembe za ndovu na sandarusi kutoka bara. Kila mmoja wa hao alikuwa na neno lake.

Zaidi ya hayo, Emery hakuwa na nguvu. Askari hakuwa nao wa maana. Manowari zilipita mara mojamoja, kisha zikaenda zao. Kazi zake kubwa zilikuwa mbili, na zote zilikuwa za kumfanya achukiwe.

Ya kwanza ni forodha. Nusu ya mapato ilikuwa ya Uingereza kwa mujibu wa mkataba, naye ndiye aliyepaswa kuhakikisha hesabu haichezewi. Ya pili ni kuzuia watumwa kuuzwa. Waliokombolewa aliwapatia makao ng'ambo ya mji wa kale, mahali panapoitwa English Point hata leo. Kwa watu hao, sahihi ya Owen haikuwa karatasi tu. Ilikuwa tofauti kati ya kuamka mtu huru na kuamka bidhaa ya mwenzio. Hilo tusilipuuze.

Lakini tuusikilize na upande wa pili, maana debe haliinuki kwa mkono mmoja. Wamazrui walikubali ulinzi kwa sababu moja kubwa: wapate Pemba yao, na Seyyid Said awaache. Miezi ikapita, mwaka ukapita, Pemba haikurudi. Wao walikuwa wanatoa nusu ya forodha na kuzuiwa biashara yao, ilhali alichowaahidi Owen hakikuonekana. Biashara yenyewe ilikuwa haramu mbele ya utu, lakini malalamiko yao kuhusu ahadi yalikuwa ya kweli. Emery hakuwa na jibu la kuwapa. Angejibu nini? Hakuwa na hata jahazi moja la vita la kupeleka Pemba.

Kwa upande mwingine, Seyyid Said alikuwa amelalamika kwa Waingereza wa Bombay, waliokuwa wakishughulika na mambo ya Omani. Yeye alikuwa rafiki yao. Mwaka wa 1822 alikuwa amekwisha kutia sahihi mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa, yaani kutouza watumwa kwa nchi za Kikristo. Waingereza wakapima mizani: Mombasa au Omani? Wakaona Omani ina faida zaidi. London ikaukataa mkataba wa Owen.

Basi Julai 1826 manowari ilikuja kumchukua Emery na wenzake. Bendera ikateremshwa. Miaka miwili na nusu hivi, ukaisha mchezo.

Baada ya hapo

Waliobaki ndio waliolipa. Seyyid Said aliijia Mombasa kwa merikebu zake zaidi ya mara moja kuanzia mwaka wa 1828, na hatimaye mwaka wa 1837 aliitia mkononi. Wakuu wa Mazrui walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, Uajemi, wasirudi tena. Wengine wa ukoo huo walihamia Takaungu na Gazi.

Emery aliandika maelezo mafupi juu ya Mombasa na pwani yake, yakachapishwa London mwaka wa 1833 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia. Pia aliacha shajara ya siku zake Mombasa. Miaka mingi baadaye Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, aliandika kitabu kizima kuhusu kipindi hiki, kikatoka mwaka wa 1957. Owen naye alitumwa mwaka wa 1827 kusimamia makazi ya Waingereza katika kisiwa cha Fernando Po, Afrika Magharibi. Alimalizia uzee wake Kanada, akafa mwaka wa 1857.

Waingereza walirudi Mombasa kutawala mwaka wa 1895, miaka 69 tangu Emery aondoke. Safari hiyo walikuja na reli.

Kwa nini nawaambia haya?

Sasa nirudi nyumbani, Kitengela. Wakati ninaandika kazi hii, baba yangu alikuwa akilipia ploti. Alikuwa amelipa kwa awamu karibu miaka miwili, kutokana na mshahara wa kiwandani na zamu yake ya chama. Mauzo yalifanywa na bwana mmoja mcheshi sana, aliyependa kumwambia, "Hii shamba ni yetu mzee, wacha wasiwasi." Mkataba ulikuwepo, umepigwa chapa vizuri, una sahihi na mihuri miwili.

Jioni moja nilikuwa nasoma habari za Owen kwa sauti ili nisikie kama sentensi zangu zinakwenda sawa. Baba alikuwa anakunywa chai. Nilipofika pale niliposema Owen alitia sahihi bila kutumwa, baba akaweka kikombe chini.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Sasa wale wa Mombasa hawakuuliza aliyemtuma?"

"Walikuwa na haraka, baba. Adui alikuwa mlangoni."

Baba alinyamaza. Kisha akaniomba nimletee ile bahasha ya ploti kutoka chini ya godoro. Tukausoma mkataba pamoja, neno kwa neno. Mwenye kuuza alijiita "mwakilishi wa familia". Hakuna mahali palipoonyesha nani wa familia hiyo alimpa uwakilishi huo.

Ijumaa iliyofuata, siku ya mapumziko ya katikati ya muhula, tulipanda matatu hadi Kajiado mjini, tukaenda kuomba kuangaliwa rejista ya ardhi. Jina lililokuwa kwenye rejista lilikuwa la mzee mwingine kabisa. Tulipompata mzee huyo, alitukaribisha kwa heshima, akatupa chai ya maziwa, akasema yule bwana ni mtoto wa nduguye na kwamba yeye hakumtuma kuuza hata jiwe. "Poleni sana wanangu," alisema. "Mmenunua mdomo."

Hadi ninapoandika haya, baba amerudishiwa sehemu ndogo tu ya pesa zake. Mdogo wangu alikaa nyumbani majuma matatu kwa ajili ya karo. Sisemi haya ili mtuhurumie. Nasema ili mwenzangu ambaye mzazi wake analipia ploti leo amwulize swali moja: aliyetia sahihi ametumwa na nani? Kalipe ada ndogo ya rejista kabla hujalipa mamilioni. Na kama ni shamba la kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi imetolewa?

Upande mwingine wa shilingi

Rafiki yangu mmoja Mmaasai, ambaye tunakaa dawati moja, alinisoma akatikisa kichwa. Akasema mamlaka peke yake hayatoshi. Akanikumbusha mkataba wa mwaka wa 1904 kati ya Wamaasai na Kamishna Donald Stewart. Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, wakaahidiwa maeneo mawili, Laikipia kaskazini na eneo la kusini ambalo Kajiado yetu ni sehemu yake. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Miaka saba tu ikapita! Mwaka wa 1911, chini ya Gavana Percy Girouard, mkataba mpya ulifanywa na watu wa Laikipia wakahamishwa. Walipokwenda kortini mwaka wa 1913, waliambiwa mikataba hiyo ni ya mataifa na korti haina uwezo wa kuisikiliza.

Rafiki yangu ana haki. Owen alikuwa na nia lakini hakuwa na mamlaka. Wale wa 1911 walikuwa na mamlaka, lakini neno lao halikuwa neno. Wananchi waliumia mara zote mbili.

Siku hizi neno gavana tunalisikia kila siku. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kila kaunti kati ya 47 ina gavana wake. Kajiado ilianza na Dkt. David Nkedianye, akafuatwa na Joseph ole Lenku, aliyechaguliwa 2017 na tena 2022. Hawa hawaletwi na manowari. Hutumwa na kura, kwa miaka mitano, wala hawazidi vipindi viwili, na bunge la kaunti linaweza kuanzisha hatua za kuwaondoa. Ukimwuliza gavana wa leo "umetumwa na nani?", jibu ni wewe na mimi, tukishafika umri wa kupiga kura. Kwa hiyo tukae macho.

Msamiati

*Liwali* – mtawala wa mji au jimbo aliyewekwa na mkubwa wake. Asili yake ni Kiarabu.

*Gavana* – kazi inakaribiana na ya liwali, ila neno hili tulilipata kwa Waingereza.

*Manowari* – meli ya vita. Nalo lilitoka kwa Waingereza, ambao kwa lugha yao waliiita meli hiyo "mtu wa vita".

*Bendera* na *gereza* – yote mawili tumerithi kwa Wareno. Ajabu ni kwamba gereza kwao lilikuwa kanisa!

*Forodha* – mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa bandarini. Pia ushuru wenyewe.

*Shajara* – kitabu cha kuandikia matukio ya kila siku.

Tazameni, ndugu wasomaji: kila aliyekuja kututawala alituachia neno. Wenyewe wamekwenda, maneno tumebaki nayo, tunayatumia tupendavyo.

Maswali ya mjadala

1. Kati ya Owen, Emery na Sulaiman bin Ali, ni nani unayemwona mwenye kosa kubwa zaidi? Toa sababu.
2. Ni tofauti gani zilizopo kati ya kuongoza meli na kuongoza mji?
3. "Ahadi ni deni." Jadili methali hii ukirejelea mikataba ya 1824 na 1904.
4. Mwulize mzazi au mlezi wako jinsi ardhi mnayoishi ilivyopatikana. Andika insha ya ukurasa mmoja.

La nne msiliache. Mimi nililifanya nikiwa nimechelewa miaka miwili.